Kabla ya kusambaza, uliza bei ya dumu

Sauti ilinifikia jioni kupitia kundi la kikoba chetu, karai likiwa limeshika moto na wateja wa kwanza wameshakaa kwenye mabenchi. Mwanaume anaongea harakaharaka, hataji jina wala mahali alipo. Anasema tuache kula chipsi za barabarani, kwamba wauzaji wananunua mafuta ya transfoma yaliyoibwa na kukaangia kwa sababu hayaishi upesi, na kwamba saratani zote tunazozisikia siku hizi zinatokea huko. Mwisho anaomba kila anayempenda ndugu yake amtumie. Juu yake pameandikwa kuwa ujumbe umesambazwa mara nyingi. Aliyeuweka kundini ni mwanachama mwenzangu, mama ninayemheshimu, na chini yake aliandika tu: "Tuwe makini wapendwa."

Mimi nauza chipsi Majengo, hapa Moshi, kwenye kona wanapoegesha bodaboda wa mtaa. Wateja wangu ni wao, wanafunzi wanaotoka shule, wamama wanaorudi Mbuyuni sokoni wamechoka na hawana nguvu ya kupika. Siku zilizofuata niliona kwa macho yangu kazi ya ile sauti. Kijana mmoja wa bodaboda, mteja wangu wa kila siku, alisimama mbele ya kabati la kioo akatazama chipsi, akatazama karai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Anti, samahani, haya mafuta unayatoa wapi?" Nikamwonyesha dumu, lebo yake, na risiti ya duka la jumla. Akasema sawa, akashukuru, akavuka barabara kununua muhindi wa kuchoma.

Sikumlaumu. Ana mtoto mchanga nyumbani na anachojua kuhusu mafuta ni alichosikia kwenye simu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu habari hizi za vitu vya ajabu kwenye vyakula vya haraka, za kwetu na za Wazungu, na leo nataka kuyaweka hapa niliyoyakuta, kwa sababu naona tunaogopa kitu kisichokuwepo huku kilichopo tunakimeza kila siku.

Nianze na lile la transfoma, maana lina mzizi. Wizi wa mafuta ya transfoma ni kweli upo. Desemba 2014 Al Jazeera waliandika habari kutoka Kenya wakieleza jinsi wezi wanavyonyonya mafuta kwenye mitambo ya umeme na kuyauza, na kwamba mengine yanaishia kwenye vikaango vya vibanda vya barabarani. Na transfoma za zamani zilikuwa na sumu ya kweli ndani yake, kemikali za jamii ya PCB, ambazo zinajulikana kusababisha saratani na hazitoki mwilini upesi. Ni sumu kubwa kiasi kwamba Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizitaka nchi ziondoe vifaa vyenye PCB kwenye matumizi ifikapo 2025.

Kwa hiyo sisemi hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo. Ninachosema ni kwamba yule anayesimulia kana kwamba ndiyo kawaida ya kila kibanda hajawahi kukaa nyuma ya karai. Chipsi tunazikaanga kwenye joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi. Mafuta ya transfoma yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, na mvuke wake unaweza kudaka moto kuanzia nyuzi 140 na kitu. Mafuta ya kula yanavumilia hadi kupita 300. Mimi natumia jiko la mkaa, na wenzangu wengi hapa mtaani vilevile. Ukipepea, cheche zinaruka hadi mdomoni mwa karai. Mtu anayejaza karai mafuta ya transfoma na kuyasubiri yafike joto la chipsi anajitafutia moto wa kuunguza kibanda, mikono yake na wateja waliokaa benchini. Hakuna muuza chipsi aliyedumu mtaani ambaye angevumilia hatari hiyo jioni hata moja.

Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali ambalo sasa naliuliza kila ujumbe unapoingia: hicho kitu kinachosemwa kimetiwa, bei yake ni ngapi, na aliyekitia anaokoa nini?

Shangazi yangu wa Kibosho aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kwamba nyama ya McDonald's, ile migahawa ya baga ya Wamarekani, ni minyoo. McDonald's haina duka hata moja Tanzania. Shangazi hajawahi kuiona nembo yao isipokuwa kwenye televisheni. Lakini habari ya minyoo imeshapanda mlima hadi Kibosho. Nilipotafuta nikakuta ni uvumi wa mwaka 1978, ulianza kuvuma Marekani, na mauzo ya kampuni hiyo yakashuka kwenye baadhi ya maeneo. Ray Kroc, aliyeijenga kampuni ile, alijibu kwa hesabu ya duka: hawawezi kumudu kusaga minyoo, kwa sababu minyoo ya kuvulia samaki ilikuwa inauzwa bei kubwa mara kadhaa kuliko nyama ya kusaga. Nilipolisoma jibu hilo nilijisikia kama nimemsikia mfanyabiashara mwenzangu. Ndivyo tunavyofikiri sisi tunaonunua gunia na dumu. Mtu hadanganyi ili apate hasara.

Pitisha swali hilo kwenye nyingine. Kuna ile ya kwamba aiskrimu ya vanila ina majimaji yanayokamuliwa kwenye tezi karibu na mkia wa mnyama anayeitwa biva. Majimaji hayo yapo kweli, yanaitwa kastoreumu, na Marekani inaruhusu yatumike kwenye chakula. Lakini kumpata biva na kumkamua tezi ni kazi ya gharama, na viwanda vina vanilini ya maabara ambayo ni rahisi mno, inayotengenezwa zaidi kutokana na mafuta ghafi ya ardhini na nyingine kutokana na mbao. Kiwanda gani kitaacha hiyo kikimbizane na mnyama mtoni? Vilevile ile ya kuku wa KFC kwamba ni viumbe vya maabara visivyo na midomo, wenye miguu minane. Uchina mwaka 2015 kampuni hiyo ilizishtaki kampuni tatu zilizokuwa zikisambaza picha za kuku wa namna hiyo kwenye mtandao wa WeChat, na mwaka uliofuata mahakama ya Shanghai ikaamuru ilipwe yuani 600,000. Kuku wa miguu minane angekuwepo, mfugaji anayeniuzia kuku, kule Pasua, angekuwa wa kwanza kumtafuta, maana paja ndilo linaloisha mapema kuliko kipande kingine chochote kwenye kabati langu.

Na mchele wa plastiki. Huu nadhani kila familia ya Kitanzania iliusikia. Watu walikuwa wanaviringisha wali mkononi kama mpira na kuudundisha mezani huku wanarekodi. Mwishoni mwa 2016 Nigeria ilikamata magunia zaidi ya mia moja mjini Lagos, maofisa wakatangaza ni plastiki. Yalipopelekwa maabara, mamlaka yao ya chakula na dawa ikasema ni mchele halisi. Lakini majibu yalikuwa na sehemu ya pili, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiisimulia: mchele ule ulikutwa na vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Yaani haukufaa kuliwa. Watu walikuwa wanaudundisha kutafuta plastiki, na kilichokuwa kibaya ni uchafu wa kawaida.

Hilo ndilo limeniganda kichwani. Ukitafuta yale yaliyothibitika kweli, utaona sura yake ni nyingine kabisa. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilipima baga zinazouzwa kwenye maduka makubwa ikakuta nyama ya farasi, na kwenye baga moja asilimia 29 ya nyama ilikuwa farasi. Nyama ya farasi ilikuwa rahisi kuliko ya ng'ombe. Mwaka 2018 pale Nakuru alikamatwa mtu akichuna paka, akasema mwenyewe kwamba kwa miaka amekuwa akiwauzia wauza sambusa nyama hiyo. Paka wa mtaani hanunuliwi. Mwaka 2019 televisheni ya NTV ya Kenya ilionyesha maduka makubwa ya Nairobi yakipulizia nyama sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu na kuonekana mbichi. Kidogo cha dawa hiyo kinaokoa nyama ambayo ingetupwa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Uganda iliwaambia wabunge kwamba wafugaji wanawapa kuku na nguruwe dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa hizo mgonjwa anapewa bure.

Mkate nao una kisa chake, na hiki kiko katikati ya uvumi na udanganyifu. Mwaka 2014 Wamarekani waliwashika Subway, kampuni ya migahawa ya sandwichi, kwa sababu mikate yao ilikuwa na azodikabonamidi, kemikali ambayo viwanda vya plastiki vinaitumia kutengeneza vipovu kwenye mikeka ya mazoezi. Ilikuwa kweli imo. Sheria ya kwao inaruhusu hadi sehemu 45 kwa kila milioni ya unga, Ulaya wameikataza kwenye chakula. Kampuni ikaiondoa. Hapa mlalamikaji alisoma orodha ya viambato iliyokuwa wazi kwa kila mtu, akauliza mbona hii imo. Namheshimu mtu wa namna hiyo kuliko anayerekodi sauti gizani.

Sasa niseme la kwangu, la karai.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama namenya viazi, akaja kijana na pikipiki ya matairi matatu, nyuma amepanga madumu ya njano. "Shikamoo mama." Nikamwitikia. "Nina mafuta ya hotelini, yametumika kidogo tu. Dumu nakupa 30,000." Wakati huo dumu jipya la lita 20 lilikuwa linapita 80,000. Nikamwomba nifungue. Yalikuwa meusi, ukitazama mdomoni mwa dumu huoni hata inchi moja kwenda chini. Harufu ya samaki, vitunguu vilivyoungua, na kitu kingine chenye ukali kinachokaba koo. Nikachovya kidole, nikakisugua na dole gumba: yananata. Nikalitikisa dumu, povu likapanda na halikushuka. Nikamwambia ayachukue, siyataki. Hakubishana wala hakununa. Alifunga kizibo, akasema "haina shida mama, wapo wanaochukua," akaondoka. Jioni alipita tena kwenye barabara ileile akirudi, na yale madumu yalikuwa yanagongana matupu.

Mafuta yale yaliingia mahali. Yaliingia kwenye karai la mtu hapahapa mjini, jioni ileile, na watoto wa watu wakala. Sijawahi kupokea sauti iliyosambazwa mara nyingi inayoyataja. Hayana jina la kutisha, ni mafuta ya kula tu yaliyokaangiwa hadi yakachoka. Lakini yapitishe kwenye swali langu: bei ni chini ya nusu, mnunuzi wa chipsi hayaoni, na anayeyatumia anaokoa fedha nyingi kila wiki. Kila alama ya udanganyifu wa kweli iko hapo.

Nieleze kinachotokea humo ndani kwa sababu wengi hawajui, hata wanaokaanga. Kiazi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukikitumbukiza kwenye mafuta ya moto, ule mchemko unaousikia ni maji yanatoka, na maji hayo yanayavunja mafuta kidogokidogo. Hewa nayo inayashambulia kutoka juu, na karai letu ni pana, kwa hiyo hewa inapata nafasi kubwa. Vipande vidogo vya viazi vinabaki chini vinaungua na kuyatia weusi. Siku zinavyokwenda mafuta yanazidi kuwa mazito, yanatoa moshi kabla hayajafika joto la kukaangia, na yanaacha gundi ya kahawia pembeni mwa karai ambayo hata steelwire haiitoi. Mafuta ya namna hiyo hayakaangi vizuri tena. Chipsi inakuwa nyeusi nje na ndani bado imelowa, inanyonya mafuta, na ukimaliza kula koo linakwaruza na tumbo linajaa. Ujerumani na Ufaransa wana kipimo cha mabaki haya ya mafuta yaliyovunjika: wa kwanza wanasema yakipita asilimia 24 yatupwe, wa pili 25. Kuna kifaa unachovya kwenye kikaango kinakupa namba papo hapo. Afisa afya akija kwangu anaangalia cheti cha kupima afya, ndoo ya kunawia, usafi wa meza, pipa la taka. Ni vizuri. Kifaa kile sijawahi kukiona kikichovywa kwenye karai la mtaa huu.

Na kuna desturi yetu wauzaji ambayo lazima niiseme ingawa najua wenzangu watanuna. Wengi hatumwagi, tunaongezea. Yakipungua unamimina mapya juu ya yaliyochoka, yanang'aa kidogo, siku inakwenda. Lakini mapya ukiyachanganya na yaliyoharibika yanaharibika haraka kuliko yangekuwa peke yake. Mtu anaweza kukaa na karai ambalo halijawahi kumwagwa hadi chini tangu alipolinunua, na kila siku akaapa kwa moyo mweupe kwamba ametia mafuta mapya. Ni kweli ametia. Yameingia kwenye nini?

Ninachofanya mimi nakieleza hapa ili mteja ajue cha kuuliza. Kila usiku jiko likizima nayaacha mafuta yapoe, nayachuja kwa kitambaa cheupe, nafunika. Chumvi natia kwenye beseni baada ya kutoa chipsi, kamwe siinyunyizi juu ya karai. Viazi nikishavikata navisuuza hadi maji yawe maangavu na navikausha kabla ya kukaanga, kwa sababu kila tone la maji ninaloliacha nje ni uhai wa mafuta. Povu likianza kukaa badala ya kupasuka, au moshi ukipanda wakati moto ni wa kawaida, nayatoa yote. Inaniuma mfukoni, sitaficha. Kuna jioni faida yote ya siku inaondoka na hayo mafuta.

Nawe mteja una macho na pua. Kabla hujaagiza, sogea karibu na karai. Mafuta mazuri unaona chipsi zikiogelea, unaona hadi chini au karibu na chini. Ukiona povu la manjano limefunika uso wote kama sabuni, nenda kwingine. Muuzaji mwenye karai safi hachukii kutazamwa.

Kuhusu rangi ya chipsi yenyewe: mwezi wa Aprili 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwenye joto kali vinatengeneza akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Hakuna anayeitia. Inazaliwa yenyewe kutokana na sukari na asidi ya amino iitwayo asparajini zilizomo kwenye kiazi, na inaongezeka kadiri kiazi kinavyozidi kuwa cha kahawia. Kwa hiyo wale wanaoniambia "anti, ziache ziive hadi ziwe nyeusi nyeusi," nawaambia hapana, rangi ya dhahabu inatosha. Na viazi usiviweke kwenye friji, baridi inaongeza sukari ndani yake na vinaungua upesi. Kiazi chenye kijani nacho nakitupa, hata kama gunia nimelipia lumbesa.

Nimeulizwa sana pia kuhusu kuku. "Wanachomwa sindano za kukuza, ndiyo maana wiki sita tu wanaliwa." Kuku wangu nawachukua kwa mama mmoja Pasua, na nimekaa bandani kwake. Kinachotiwa kwenye maji ya vifaranga ni chanjo ya kideri na ya gumboro. Ukuaji ule umetokana na uzao. Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha mwaka 2014 jaribio zuri sana: walichukua uzao wa kuku wa mwaka 1957 na wa mwaka 2005, wakawalisha chakula kilekile, mahali pamoja. Siku ya 56 wa 1957 alikuwa na gramu kama 900, wa 2005 alipita kilo nne. Chakula kimoja, mwangalizi mmoja. Hofu yangu kuhusu kuku iko kwingine: antibaiotiki. Kuku akiumwa akapewa dawa, kuna siku za kusubiri kabla ya kumchinja ili dawa itoke mwilini. Mfugaji mwenye marejesho ya mkopo Ijumaa hasubiri. Anauza. Hapo napo ni fedha, na hapo napo mlaji haoni chochote. Mama wa Pasua ana daftari ameandika tarehe ya kila dawa aliyotoa, na ndiyo sababu namlipa zaidi kidogo kwa kila kuku kuliko ninavyoweza kumpata sokoni.

Tomato sosi nitaipitia haraka. Ile ya dumu, ya bei ya chini, watu wanasema ni papai na rangi. Geuza dumu usome: maji, sukari, wanga, siki, rangi, na nyanya kwa kiasi chake. Imeandikwa. Mimi nimeacha kuinunua, natengeneza ya nyanya na pilipili nyumbani, wateja wameizoea.

Mama aliyeweka ile sauti kundini nilimpigia simu. Nilimwambia, dada yangu, najua ulitujali, ndiyo maana ulituma. Nikamwalika kibandani. Alikuja na mtoto wake wa mwisho, nikamfungulia dumu jipya na nikamwonyesha chupa ya mafuta meusi niliyokuwa nimeyatoa kwenye karai, akayanusa yote mawili. Akakunja uso kwenye ya pili akaniuliza: "Sasa haya unayapeleka wapi?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kipindi hicho, kwa sababu mafuta machafu yasipokuwa na pa kwenda, yanarudi kwa yule kijana wa madumu.

Yangu yanakwenda Njoro, kwa mama anayetengeneza sabuni ya kipande. Anayapasha moto, anayachuja, anayachanganya na kostiki soda, anamimina kwenye visanduku vya mbao na kuyaacha yakomae kwa wiki kadhaa kabla ya kukata. Sabuni yake inatoka ya kahawia, inafua vizuri, na ukishaigeuza kuwa sabuni hakuna anayeweza kuikaangia chipsi tena. Ananilipa kidogo, haifiki hata robo ya bei ya dumu, lakini ananilipa.

Kwa hiyo kama wewe unafanya kazi jikoni kwenye hoteli, baa au mgahawa wowote hapa Moshi, na kila wiki unamkabidhi mtu mafuta yaliyotumika bila kuuliza yanakwenda wapi, naomba unitafute kibandani Majengo. Yule mama anahitaji mafuta mengi kuliko tunayompa sisi wa vibanda, na anakuja kuyachukua mwenyewe na madumu yake.